Kiswahili cha Amri na Kiswahili cha Hoja: Fundisho la Rombasi Moja



Katika kila mkutano wa walimu wa Kiswahili hapa Uganda hakosi msemaji wa kusimama, akakohoa, akatukumbusha kwamba lugha yetu ni pana. Hutaja nchi zinazoitumia. Hutaja mwaka 2021, ambapo UNESCO iliitengea tarehe 7 Julai kuwa siku yake duniani. Hutaja uamuzi wa Baraza la Mawaziri la Uganda wa mwaka 2022, uliopitisha kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kama somo la lazima mashuleni. Nasi hupiga makofi. Kisha twarudi madarasani kuendelea na hujambo-sijambo, majina ya vyombo vya jikoni, na methali arobaini za kukaririwa kabla ya mtihani. Hatuna ugomvi na makofi. Ugomvi wetu ni na hicho kinachofuata makofi, nasi twataka kuueleza kwa njia ambayo huenda ikawashangaza baadhi ya wenzetu, yaani kwa swali moja la jiometri.

Rombasi ni umbo la pande nne zilizo sawa kwa urefu, hata kama pembe zake hazilingani. Wacheza karata wanaijua vizuri, maana ndiyo alama ya uru. Na mpishi wa kashata anaijua zaidi, kwani akisha kuimwaga sinia nzima huikata kwa mistari sambamba ya upande huu, kisha kwa mistari sambamba iliyoinama ya upande wa pili, yenye nafasi ile ile, na vipande vyote hutoka rombasi. Mstari utokao pembe moja kwenda pembe inayoikabili twauita mshazari. Wengine huuita ulalo, nasi hatutagombana nao kwa hilo.

Mwalimu wa hisabati ambaye darasa lake linapakana na letu alitujia siku moja na rundo la madaftari ya kidato cha pili. Alikuwa amewapa wanafunzi swali ambalo kwa Kiswahili lingesomeka hivi: "Katika rombasi, pembe mbili ambazo upande mmoja hufanya na mishazari ya rombasi hiyo zina uwiano wa 4 kwa 5. Tafuta pembe za rombasi." Karibu darasa zima lilikuwa limepata nyuzi 80 na nyuzi 100, na majibu hayo ni sahihi. Walakini mwenzetu alikuwa na uso wa mtu aliyelipwa kwa noti bandia. Aliwahoji wanafunzi watatu namna walivyofikia jibu, nao wakamwambia, "Tulijumlisha 4 na 5 tukapata 9, tukagawa 180 kwa 9 tukapata 20, halafu tukazidisha." Yaani walidhani kwamba uwiano uliotajwa ni wa pembe za rombasi zenyewe. Mishazari hawakuiona kabisa, na yule aliyeiona aliidhania kuwa ni pambo la swali.

Jibu lilipatana na ukweli kwa bahati tu. Mshazari huigawa pembe ya rombasi nusu kwa nusu, hivyo pembe nzima ni mara mbili ya ile ndogo. Nawe ukiongeza vitu viwili mara mbili kila kimoja, uwiano wao haubadiliki. Mwanafunzi alipita njia ya upotevu akajikuta mlangoni pa nyumba aliyokuwa akiitafuta. Mwenzetu, kwa werevu wake, alilibadili swali neno moja tu. Badala ya uwiano wa 4 kwa 5, alisema kwamba moja ya pembe hizo mbili inaizidi nyingine kwa nyuzi 10. Rombasi ni ile ile, na jibu ni lile lile, 80 na 100. Safari hii karibu wote waliandika 85 na 95. Uwiano huvumilia kuongezwa mara mbili, lakini tofauti haivumilii. Tofauti ya 10 katika pembe ndogo huwa 20 katika pembe nzima. Bahati ilipoondoka, uchi ukaonekana.

"Sasa," akatuuliza, "kosa hili ni langu au ni lenu?"

Tungeweza kumjibu kwamba ni lake. Ndivyo ambavyo wengi wetu tungefanya, kisha tukaendelea kusahihisha insha zetu juu ya "Siku Nisiyoisahau". Lakini tuliyatazama madaftari yale kwa makini. Hesabu zote zilikuwa safi. Kujumlisha kulikuwa sahihi, kugawanya kulikuwa sahihi. Kilichowashinda vijana wale ni kishazi rejeshi. Hawakusoma "ambazo upande mmoja hufanya na mishazari". Walisoma "pembe", wakasoma "uwiano", wakasoma "rombasi", wakayafunga maneno hayo matatu pamoja kama mzigo wa kuni. Swali lilikuwa limeandikwa kwa Kiingereza, ni kweli. Walakini tulipowaandikia kwa Kiswahili ubaoni kwetu, walipotea mahali pale pale. Je, si sisi tunaofundisha virejeshi? Twafundisha amba- mwaka baada ya mwaka. Twaandika, "Mtu ambaye alikuja jana ni mjomba wangu." Mwanafunzi hata asipoelewa neno ambaye, mjomba amekwisha kuja na hakuna kilichoharibika. Hatujampa hata siku moja sentensi ambayo kirejeshi chake kikimponyoka, jawabu zima linaanguka.

Basi tulitenga kipindi kimoja cha Kiswahili, tukachora rombasi ubaoni, tukaiita ABCD, na pale mishazari inapokatana tukapaita O. Tukauliza, "Mishazari hii hukatana kwa pembe gani?" Sauti nyingi zikajibu, "Pembe mraba!" Tukauliza, "Kwa nini?" Kimya. Hatimaye kijana mmoja, mwenye nia njema kabisa, akasema, "Kwa sababu mwalimu alisema."

Hapo ndipo tulipoiona aibu yetu, na aibu hiyo ina historia. Kiswahili kiliingia katika sehemu kubwa ya nchi hii kikiwa kimevaa buti. Kilikuwa lugha ya King's African Rifles, kikawa lugha ya askari na polisi, na mwaka 1973 utawala wa kijeshi wa Idi Amin ukakitangaza kuwa lugha ya taifa. Wazee wengi wa kwetu walikisikia kwa mara ya kwanza katika maneno ya simama, kaa chini, toa kitambulisho, lete. Si ajabu wakakichukia. Hata leo wapo wazazi wanaotuuliza kwa nini tunawafundisha watoto wao lugha ya kunyang'anyia. Sisi hujibu kwa hasira kwamba Kiswahili ni lugha ya washairi na wanazuoni. Lakini kijana wetu amekaa darasani miaka miwili, na sentensi alizozisikia kwetu ni fungua kitabu, rudia, andika, nyamaza. Akiulizwa sababu ya jambo, anajibu kwamba ameamriwa. Tumeyavua buti miguuni mwa Kiswahili tukayaweka mlangoni pa darasa, na kila asubuhi twayavaa tena.

Jiometri haiamrishi. Hata mfalme hawezi kuiamuru pembe iwe mraba. Ndiyo sababu twaona kwamba hakuna somo linalofaa zaidi kuufundisha ulimi kusema "kwa kuwa" na "basi". Tazameni jinsi hoja ilivyokwenda siku ile, baada ya vuta nikuvute ya nusu saa, wanafunzi wenyewe wakisema nasi tukiandika:

"Kwa kuwa ABCD ni rombasi, upande AB ni sawa na upande AD, na upande CB ni sawa na upande CD. Mshazari AC umo katika pembetatu zote mbili, ABC na ADC. Basi pembetatu hizo zinalingana pande zote tatu, kwa hiyo zinalingana na pembe zake pia. Nayo maana yake ni kwamba mshazari AC umeigawa pembe ya A katika sehemu mbili zilizo sawa. Sasa tuzitazame pembetatu ndogo ABO na ADO. AB ni sawa na AD. AO ni ya zote mbili. Na pembe zilizo baina ya pande hizo zimekwisha kuthibitishwa kuwa sawa. Basi pembetatu hizi nazo zinalingana, na pembe zake mbili zilizoko O ni sawa. Lakini pembe hizo zimekaa pamoja juu ya mstari mmoja ulionyooka, BD, na jumla yake ni nyuzi 180. Kwa hiyo kila moja ni nyuzi 90."

Ndiyo yote. Kilichobaki ni chepesi. Katika pembetatu AOB, pembe ya O imechukua 90, hivyo mbili zilizosalia zagawana 90. Nazo ndizo zile pembe ambazo upande AB hufanya na mishazari! Ikiwa moja inaizidi nyingine kwa 10, basi ni 40 na 50. Ikiwa uwiano wake ni 4 kwa 5, sehemu ni tisa, kila sehemu nyuzi 10, nazo ni 40 na 50 vile vile. Pembe ya A ni mara mbili ya 40. Pembe ya B, kwa hoja ile ile iliyotumika kwa A, ni mara mbili ya 50. Kijana yule wa "mwalimu alisema" aliinuka akatuambia kwamba 80 na 100 zikijumlishwa ni 180, kwa hiyo mambo yamekaa sawa. Hatukuwa tumemwuliza.

Twaomba wenzetu wasiitazame aya ile kwa jicho la hisabati, waitazame kwa jicho la mwalimu wa lugha. Hebu hesabuni viungo vyake. Kuna kwa kuwa, basi, kwa hiyo, nayo maana yake, lakini, zimekwisha kuthibitishwa. Hilo neno lakini halipingi kitu, linaleta jambo jipya ambalo hoja ilikuwa inalingoja. Ni wanafunzi wangapi wetu walipata kuonyeshwa matumizi hayo? Na zitazameni kauli za vitenzi. Mishazari hukatana. Pembetatu hulingana. Pembe hukabiliana. Pande hutoshana. Hapa kauli ya kutendana, ambayo sisi huifundisha kwa mifano ya kupigana na kutukanana, imepata kazi inayoistahili. Kwa kiambishi kimoja tu Kiswahili hutamka kwamba jambo hili ni la pande mbili. Aliyeisikia kauli hiyo vizuri hawezi kuuliza ni mshazari upi unaoukata mwenzake.

Wala hatutaki kusema kwamba lugha yetu haina mitego yake. Ngeli zilitusaidia, kisha zikatusaliti. Mwanafunzi aliposema "hiyo ni sawa na ile", tulijua anasema juu ya pembe. Aliposema "huo ni sawa na ule", hatukujua kama anasema juu ya upande au mshazari, kwani vyote viwili huchukua huo, ila katika wingi pande huwa hizo na mishazari huwa hiyo. Darasa likabishana dakika kumi. Mwishowe wakakubaliana wenyewe kwamba mtu asiseme huo mpaka awe ametaja jina lake kwanza. Tumefundisha upatanisho wa kisarufi zaidi ya miaka kumi na mitano, na hatujapata kuona wanafunzi wakiugombea kama mali yao, ila siku ile.

Mkuu mmoja wa shule, ambaye shule yake hatutaitaja, alituona tukitoka na rula kubwa ya mbao mkononi, akatuuliza tangu lini mwalimu wa Kiswahili akawa fundi seremala. Tulipomweleza, alisema kwamba kila mtu alime shamba lake. Tungekubaliana naye kama maneno yangekuwa mihogo. Lakini neno "ambazo" halina mpaka. Likifa katika somo letu, maiti yake huokotwa katika daftari la hisabati, na katika lile la fizikia, na baadaye katika mkataba wa kiwanja utakaotiwa sahihi na mtu mzima asiyejua amesaini nini.

Upo pia ule usemi mchovu kwamba Kiswahili hakina istilahi. Wausemao hawajui kwamba tangu mwaka 1967 watoto wa shule za msingi za serikali za Tanzania Bara wanajifunza hisabati kwa Kiswahili, tangu kujumlisha hadi maeneo na pembe, na kwamba BAKITA, iliyoanzishwa mwaka huo huo, imekuwa ikisanifu istilahi za masomo mbalimbali kwa miongo mingi. Tunazo pembe kali na pembe butu, pembe mraba, pembetatu, msambamba, kipenyo, kitako na kimo. Ati rombasi ni neno la kukopa! Ni la kukopa, naam, na Waingereza nao walilikopa, na Warumi kabla yao, kutoka kwa Wayunani. Euclid aliandika kwa Kiyunani. Baghdad, katika zama za Harun al-Rashid na mwanawe al-Ma'mun, kitabu chake kilitiwa katika Kiarabu na al-Hajjaj ibn Yusuf ibn Matar. Kutoka Kiarabu, katika karne ya 12, Adelard wa Bath alikitia katika Kilatini. Waingereza hawakukipata chote kwa lugha yao hadi mwaka 1570, kwa tafsiri ya Henry Billingsley. Na kabla yake, mwaka 1551, Robert Recorde, mzaliwa wa Wales, alipotoa kitabu cha jiometri kwa Kiingereza, hakukuta istilahi zikimngoja. Alizitunga. Pembe aliziita kona, kali na butu, kama sisi. Na pembetatu ya pande sawa akaiundia neno lenye maana ya tatu-sawa. Maneno yake mengi yalikufa baadaye. Hakuna aliyesema kwamba Kiingereza basi hakifai kwa jiometri, na kirudi jikoni.

Kuna pingamizi moja tunaloliheshimu. Wapo wanaosema kwamba kwa mwanafunzi wa Uganda Kiswahili ni lugha ya tatu, labda ya nne. Kwamba anafikiri kwa Kiganda, au Kirunyankole, au Kiacholi, na anafanya mtihani kwa Kiingereza. Hivyo kumletea rombasi kwa Kiswahili ni kumwongezea mzigo. Hili ni kweli kwa sehemu. Ndiyo maana hatudai kwamba hisabati ifundishwe kwa Kiswahili kesho asubuhi. Mambo hayo hayakuwa mepesi hata kwa jirani zetu Watanzania: Tume ya Makwetta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nazo zifundishe kwa Kiswahili, na pendekezo lile halikutekelezwa. Tunachodai ni kidogo. Maadamu mwanafunzi amekwisha kuletwa katika kipindi chetu, na maadamu lugha hii imekwisha kuitwa rasmi, asipewe nusu ya lugha. Asipewe ile ya kuagiza chai na kuomba radhi, akanyimwa ile ya kusema "si kweli, nami nitakuonyesha kwa nini". Na kuhusu mzigo, tulishuhudia kinyume. Kwa kuwa hakuna aliyekuwa na Kiswahili cha kwao cha kujivunia, waliosema polepole walikuwa wengi, na kusema polepole ndiko rombasi inakotaka. Kwa Kiingereza walikuwa wakikimbia.

Kwa wenzetu wa chama hiki tutasema waziwazi, maana twajijumuisha. Twaogopa. Wengi wetu tulikimbilia lugha kwa sababu hisabati ilitupiga tukiwa vijana, na tukiona pembetatu ubaoni tumbo hutuuma. Basi twajificha nyuma ya fasihi, na fasihi yenyewe twaifundisha kama hirizi: dhamira ni hizi, tamathali ni zile, andikeni. Mwanafunzi akiuliza kwa nini mhusika fulani ni mwoga, jibu liko katika mwongozo. Huko nako ni "mwalimu alisema". Asiyeweza kutoa hoja juu ya pembe ya nyuzi 40, ambayo haina siasa wala kabila wala machozi, ataitoa vipi juu ya mhusika wa riwaya?

Hatuhitaji mafunzo mapya wala kibali. Rula, chaki, na mwalimu wa hisabati jirani aliye tayari kutusahihisha vyatosha. Wa kwetu alikaa dawati la nyuma kipindi kizima, akanyanyua mkono mara mbili. Kwa atakayejaribu kabla ya toleo lijalo, hili hapa swali tulilowapa wetu wiki iliyofuata. Katika rombasi fulani, mshazari mmoja una urefu sawa na upande. Tafuta pembe zake zote nne. Majibu yatakayoletwa kwa tarakimu peke yake hatutayasoma. Kila sentensi ianze na sababu yake, na neno "huo" lisitumike kabla ya kutaja jina.